Maji ya Moto Yasubiri

Na Mwanaidi Shekigenda

Harusi imekesha Manundu, Korogwe. Kulipokucha binti anajikuta chumba asichokijua, kichwa kizito, khanga imefungwa ovyo. Anachokumbuka ni soda aliyoletewa ikiwa imeshafunguliwa. Akifika nyumbani, shangazi kwa huruma anamtengea maji ya moto aoge na kuiloweka ile khanga. Ushahidi wote unamwagwa uani na povu.

Shangazi simlaumu. Nani aliwahi kumwambia kwamba mkojo wa kwanza wa binti huyo ni shahidi? Pombe haikawii kuisha mwilini, na baadhi ya dawa wanazotiliwa watu kwenye vinywaji hazikai katika mkojo hata siku moja.

Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Lakini aliyeleweshwa ameporwa hata kumbukumbu, na mhalifu analijua hilo. Kinywa kikikosa la kusema, damu na mkojo viseme.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema wazi: ridhaa ya mwanamke aliyeleweshwa kwa kitu alichopewa na mwanamume huyo, au na mtu mwingine, haimwondolei mwanamume kosa la ubakaji, isipokuwa ithibitike walikubaliana kabla. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Basi anayemuuliza binti "Ulikunywa kwa nini?" anamhukumu asiye mshtakiwa.

Halmashauri za Handeni na Korogwe zihakikishe kila zahanati ina vikopo safi, bahasha za karatasi na mhudumu anayejua kuandika saa sampuli ilipochukuliwa. Binti wa kijijini Handeni akipanda bodaboda kufuata fomu ya PF3 polisi, kisha apande nyingine kwenda hospitali, saa zinakwenda. PF3 ina kazi yake mahakamani, ila tiba na sampuli visiisubiri. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Ya kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Kila saa inayopotea inazipunguzia nguvu.

Nanyi shangazi zangu, asioge kwanza. Akibanwa na mkojo kabla hamjafika hospitali, aukinge kwenye chupa safi yenye kifuniko. Khanga itieni kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya mfuko wa plastiki itavunda. Mshike mkono, mwambie hana kosa, mwende leo hii. Maji ya moto atayakuta akirudi.