Wapigakura wasisingiziwe

Kamala Harris aliposhindwa na Donald Trump mwaka 2024, maneno ya zamani yalirudi upesi: Marekani haiko tayari kuongozwa na mwanamke, sembuse mwanamke mweusi. Hatuyakubali.

Ubaguzi upo, wa rangi na wa jinsia, na umewagharimu wagombea kura. Lakini Harris aliingia ulingoni Julai, Joe Biden alipojitoa, akabebeshwa hasira za wananchi kuhusu bei za vyakula. Hillary Clinton naye, mwaka 2016, alimpita Trump kwa karibu kura milioni 3 nchi nzima. Kilichomwangusha ni hesabu ya kura za wajumbe wa majimbo.

Mchujo wa urais wa chama cha Democratic wa mwaka 2008 unafundisha zaidi. Weusi wengi wa South Carolina walisita kumuunga mkono Barack Obama kwa kuamini kwamba wazungu hawatamchagua. Januari 3, Iowa, jimbo lenye wazungu zaidi ya asilimia 90, ikampa ushindi. Januari 26, South Carolina ikammiminia kura.

Anayesema watu hawako tayari mara nyingi hajisemei mwenyewe. Anamsemea jirani, na jirani anamsemea mwingine. Hivyo mgombea hukataliwa na watu waliokuwa radhi kumchagua.

Vyama ndivyo vyenye ufunguo. Mexico, nchi yenye sifa ya ubabe wa wanaume, iliandika katika katiba yake mwaka 2014 kwamba vyama visimamishe wanawake sawa na wanaume katika ubunge. Miaka 10 baadaye, wagombea urais wawili wakuu walikuwa wanawake, na Claudia Sheinbaum akashinda kwa karibu asilimia 60.

Kenya nayo isijifiche nyuma ya mpigakura. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini Bunge halijapitisha sheria ya kulitekeleza hilo. Mwaka 2022, Raila Odinga na mgombea mwenza wake, Martha Karua, walipata karibu nusu ya kura zote. Mamilioni waliowapigia kura hawakumkimbia mwanamke.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia. Vyama vikubwa vimpe mwanamke tiketi ya urais yenyewe, si ya unaibu, kisha viwaachie wananchi waamue.