Tunajua Kuzika, Hatujui Kuuguza



Chukueni katiba ya jumuiya yoyote ya Waswahili iliyo karibu nanyi, iwe ya Reading, Leicester, Muscat au Minneapolis, mkaisome kwa makini. Mimi nimesoma kadhaa, maana niliwahi kuwa mweka hazina na tulizikusanya ili tuandike ya kwetu. Kifungu cha misiba kilikuwa kimekamilika: nani atoe taarifa, kila mwanachama achange kiasi gani, mwili usafirishwe vipi, nani ausindikize mpaka nyumbani. Ni kazi nzuri na Mungu awalipe walioiandika. Lakini tafuteni kifungu kinachomhusu mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, akatoka hospitali akiwa hai, na bado hajapona. Katika zote nilizosoma, hakimo. Maiti tumempangia kamati, na aliye hai tumemwachia mkewe.

Nasema kwa ukali, na nadhani ninayo haki. Mwaka 2022, hapa Uingereza, nilifunguliwa fuvu nikatolewa uvimbe. Ulikuwa wa aina inayoitwa meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, na mara nyingi si saratani. Kabla ya upasuaji simu yangu haikupumzika. Watu walichanga, walisoma dua, wengine walifunga safari ya saa tatu kuja kuniona. Siku ya pili tangu nipasuliwe, walifika kumi na wawili kwa pamoja, mpaka muuguzi akawatoa. Wiki ya sita hakuja mtu. Wala simlaumu mmoja mmoja. Naulaumu utaratibu wetu, unaodhani ugonjwa ni tukio kama arusi, ukishahudhuria umemaliza.

Chanzo cha yote ni neno moja: "umepona". Siku ya kumi watu walikuwa wameshanipa cheti. Waliona nimesimama, nimenyoa ndevu, mshono umefunikwa na kofia. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, basi nisemee kwenye kazi yangu. Zege ukilimwaga leo, kesho unaweza kulikanyaga na kiatu kisizame. Asiyejua atasema limekomaa. Anayejua huendelea kulimwagilia maji, huacha mbao na miti ya kulishikilia mahali pake, hupima vipande vya majaribio siku ya 7 na tena siku ya 28. Ukiondoa miti kwa sababu juu pamekauka, sakafu itakushukia kichwani. Na zege halina hisia, halina madeni wala watoto. Ubongo ndio uwe tayari kwa siku kumi?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Ukiwa unajitengeneza baada ya kupasuliwa, mtu huchoka uchovu ambao sisi wabeba maboksi hatuujui. Uchovu wa shifti ya usiku unalala nao, ukiamka umekwisha. Huu unalala nao na unaamka nao. Kusoma barua moja ya benki kunaweza kukumaliza mchana mzima. Redio, watoto na sufuria vikilia kwa wakati mmoja, kichwa kinajaa kama soko la Kariakoo. Hali hii huweza kuchukua miezi, na kwa wengine mwaka na zaidi.

Kisha kuna dawa. Wengi wetu tunapewa deksamethasoni ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Inaokoa maisha, lakini inafukuza usingizi, inaleta njaa ya ajabu, inapandisha sukari na kuchafua hasira. Na ukiitumia kwa muda, huwezi kuikata ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Daktari huishusha kidogo kidogo. Baadhi ya dawa za kuzuia kifafa nazo humfanya mtu awe mwepesi wa kukasirika. Sasa mama mmoja anasikia mume wa jirani yake amekuwa mkali, hakumbuki majina, analia bila sababu. Badala ya kuuliza anameza nini, anatangaza kwamba amechezewa.

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi yenu waziwazi. Dua ni yetu sote na mimi ni mmoja wa walioombewa. Lakini mtu ninayemheshimu alinipigia simu kunishauri niache vidonge vya kifafa siku ishirini na moja ili tiba yake "ifanye kazi vizuri". Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kukuletea kifafa ukiwa kwenye ngazi, bafuni au jikoni penye mafuta ya moto. Ushauri wa namna hiyo haustahili kuitwa imani. Anayeutoa akumbuke kwamba mazishi yatakapofika, kifungu chetu cha misiba hakitamuuliza yeye.

Tabia kubadilika baada ya ubongo kuguswa ni jambo linalojulikana kwa zaidi ya miaka 170. Septemba 1848, huko Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, mwenye miaka 25, alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba. Ililipuka. Mtaimbo wa zaidi ya mita 1, wenye uzito wa kilo 6 hivi, uliingia shavuni kushoto ukatokea juu ya kichwa. Hakufa. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule kijana mpole na makini alikuwa mtukutu, mwenye matusi, asiye na subira, mpaka rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyoumia, ndiyo inayotusaidia kujizuia na kupanga mambo. Hakuna aliyemroga. Na wanaosimulia kisa hiki husahau mwisho wake: Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba, inayodai utulivu na adabu kwa wasafiri. Wapo watafiti wanaoamini kwamba mpangilio ule wa kila siku ulimsaidia kujirudia. Alifariki mwaka 1860. Hata mtu aliyepitiwa na mtaimbo kichwani alihitaji muda, ratiba, na watu wa kumvumilia.

Mtaniambia: mgonjwa mwenyewe huficha, tutamsaidiaje? Kweli, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tuulizane, anaficha kwa nini? Anaficha kwa sababu akisema "ubongo", sisi tunasikia "wazimu". Kabla hajafika nyumbani habari zimeshafika Temeke na Mombasa kwamba fulani amechanganyikiwa. Binti yake ataposwa na nani? Basi ananyamaza, na kunyamaza kunamponza.

Anayeficha huendesha gari. Hapa Uingereza, mwenye uvimbe kwenye ubongo anatakiwa na sheria kuiarifu mamlaka ya leseni, DVLA, na kukaa bila kuendesha kwa muda unaotegemea aina ya uvimbe na kama amepata kifafa. Asiyearifu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, akigonga mtu anaweza kushitakiwa, na bima inaweza kumkana. Lakini gari ndiyo kazi yake, ndiyo shule ya watoto, ndiyo heshima yake. Kama hakuna hata mmoja wetu wa kumpeleka, tunamsukuma kwenye usukani kwa mikono yetu.

Anayeficha pia hurudi kazini mapema. Anaogopa shifti zake zitagawiwa wengine, na nyumbani hawajui lolote isipokuwa kwamba mwezi huu hela hazijafika. Mimi nilipigiwa simu ya bati za paa nikiwa bado nina pini kichwani. Aliyepiga hakuwa mbaya, aliambiwa nimepona! Na haki zipo, ila mgonjwa aliyechoka hawezi kuzifuatilia peke yake. Uingereza mwajiriwa anayestahili hulipwa malipo ya kisheria ya ugonjwa hadi wiki 28, na cheti cha hospitali kinaweza kupendekeza arudi kazini kwa saa chache chache. Ndani ya England, aliyezuiwa kuendesha kwa sababu za kiafya anaweza kuomba kadi ya kupanda basi bure. Walioko Marekani wanayo sheria ya mwaka 1993 inayowapa wafanyakazi wenye sifa likizo ya hadi wiki 12 bila malipo, bila kupoteza kazi. Fomu zote hizo zinataka mtu mwenye kichwa kilichotulia. Sisi tunao vijana waliosoma sheria na uhasibu. Tunawatumia kuandika hotuba za Sikukuu ya Uhuru.

Wengine husema: serikali za huku zina kila kitu, jumuiya itaongeza nini? Nitawajibu kwa jambo lililonitokea. Baada ya upasuaji maneno yalinipotea, na nilipelekwa kwa mtaalamu wa lugha, mama mpole, hodari wa kazi yake. Kiingereza changu akakiona kinaendelea vizuri. Nyumbani mke wangu ndiye aliyenisikia nikisema "kiti yangu" na "maji imemwagika". Mtu wa Tanga! Wasomaji wetu wa Nairobi msicheke, nanyi mna Kiswahili chenu. Kwangu mimi ile ilikuwa dalili. Lugha mbili za mtu mmoja zinaweza kuumia kwa viwango tofauti na kurudi kwa mwendo tofauti. Mtaalamu yule hakuwa na njia ya kulijua hilo. Ilihitajika mtu wa kukaa nami, tuzungumze Kiswahili saa moja, tutaje samaki, mitaa na majina ya walimu wetu. Hospitali zote za London haziwezi kunipa hilo. Ninyi mnaweza, na mna simu mikononi.

Na yule anayesema hana muda, kila mtu huku na maisha yake, nimkumbushe kwamba kwenye msiba anaupata. Tunaomba ruhusa kazini, tunaendesha usiku, tunapika pilau la watu mia mbili. Muda tunao. Tumeamua tu kwamba tutautoa kwa asiyeuhitaji tena.

Basi napendekeza, na nataka lijadiliwe kwenye mkutano mkuu ujao wa kila jumuiya inayosoma jarida hili. Kiongezwe kifungu cha uuguzi karibu na kile cha misiba. Mwanachama akifanyiwa upasuaji mkubwa, wateuliwe watu watano kwa miezi sita. Mmoja ashughulikie fomu na barua. Mmoja apange zamu za gari, za kliniki na shule. Mmoja apange chakula, mara mbili tu kwa wiki, kiletwe mlangoni bila baraza. Mmoja azungumze na ndugu wa nyumbani, kwa idhini ya mgonjwa, awaeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba mtu wao yu hai lakini hajapona, na hela zitachelewa. Wa tano awe wa kukaa naye tu, na pia kumpumzisha anayemuuguza, maana mke au mume wa mgonjwa naye huisha taratibu na hakuna anayemuuliza hali. Wageni wasizidi wawili, wasizidi nusu saa, na habari za aliyekufa kwa ugonjwa kama huo waziache kwenye gari.

Kifungu hiki hakitaki mfuko mpya. Saa mbili za kila mmoja kwa wiki ni chini ya zile tunazozipoteza tukibishana nani awe mwenyekiti. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya upasuaji wa ubongo huanza hasa pale maua yaliyoletwa hospitali yanaponyauka na watu wanaposema alhamdulillahi, amepona.

Wapo kati yetu hivi sasa wenye mshono uliokauka na kichwa ambacho bado kinajengwa. Mnawajua. Msiwaulize kama wamepona. Waulizeni kliniki ni lini, na gari ifike saa ngapi.

Nawasilisha.