Mchezaji Naye ni Mfanyakazi

Sisi tupendao michezo twakumbuka kwa uchungu mwaka 1994, ilipofutwa michezo ya kuwania ubingwa wa besiboli huko Marekani pamoja na fainali yake, ambayo haikupata kukosekana tangu 1904. Wengi waliwalaumu wachezaji kwa kugoma. Hatukubaliani nao. Matajiri wenye timu walitaka kuwekea mishahara kikomo. Wachezaji wakasimama pamoja, na mchezo uliporudi mwaka 1995 kikomo hicho hakikuwapo. Lakini mwaka 1987 wenzao wa kandanda ya Kimarekani waligoma siku 24 tu. Matajiri wakaleta wachezaji wa badala, baadhi ya wagomaji wakarudi uwanjani, na mgomo ukavunjika pasipo mkataba. Shabiki hupoteza msimu mmoja. Wafanyakazi wasio na umoja hupoteza haki yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.