Uelekeo wa Seli na Swali la Mama wa Kawangware

Wapo wanataaluma, hata humu chamani, wanaoshikilia kuwa Kiswahili kitosheke na ushairi na riwaya, sayansi iachiwe Kiingereza. Mimi, mwanafunzi wa fasihi, sikuwa na ugomvi nao hadi alfajiri moja huko Kawangware, jirani yangu aliponiomba nimsaidie kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Mwanawe alikuwa akiharisha, na zahanati haijafunguliwa. “Mwalimu, chumvi naielewa. Sukari ya nini? Si itamzidishia?” Alikuwa karibu kuiacha.

Jibu limo katika ukuta wa utumbo, kwenye safu moja ya seli ziitwazo epithelia. Kila seli ina uelekeo: uso wake hutazama chakula, kitako chake hutazama damu, wala pande hizo hazifanani. Mkazi wa Kibera anaujua mpango huo: vyumba vya mabati katika safu, kuta zikigusana, mlango ukitazama kijia. Kati ya seli na seli mna mishono inayozuia vitu kupenya ovyo, na kuzuia protini za juu zisichanganyike na za chini. Seli hujuaje chini ni wapi? Kitako chake hukalia utando wa msingi, uliofumwa kwa kolajeni na laminini. Vipokezi viitwavyo integrini huushika utando huo, na mshiko huo huiarifu seli upande wake wa chini. Ikiupoteza, seli ya kawaida aghalabu hufa.

Sasa, sukari. Usoni pana mlango upitishao sodiamu ya chumvi pamoja na glukosi, ambayo utumbo huipata kwa kuivunja sukari tuliyoizoea. Kitakoni na ubavuni pana pampu isukumayo sodiamu kuelekea damu, maji hufuata. Kipindupindu huzifanya seli zimwage maji, lakini mlango huo hakiufungi. Ndiyo sababu mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliwaokoa wengi kwa maji ya glukosi na chumvi. Na hofu ya jirani yangu haikuwa ya kijinga: sukari ikizidi huzidisha kuharisha kweli. Kipimo ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi.

Ndugu msomaji, katika maelezo yangu kwake sikuhitaji neno “kolajeni”. Nilihitaji uso, kitako, mshono, mlango, maneno aliyokuwa nayo kabla yangu. Najua wapo watakaopendelea “upolari” badala ya “uelekeo”; na tubishane, hiyo ndiyo kazi yetu. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya. Lakini biolojia ya sekondari zetu bado hufundishwa kwa Kiingereza, nasi wa idara ya Kiswahili hatulalamiki hata kidogo.

Mama yule alihesabu vijiko sita, akauliza kama maji ya mtungi yachemshwe kwanza. Yachemshwe, nilimwambia, kisha yapoe.