Uzee hauna dawa, lakini kidonda cha mzee kina dawa

 

Ndugu Waislamu, sahaba Usama bin Sharik (R.A) amepokea kwamba mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W) iwapo wajitibu, naye akawahimiza watafute tiba, akawafahamisha kuwa hakuna maradhi ambayo Mwenyezi Mungu hakuyawekea dawa, isipokuwa mamoja tu, nayo ni uzee. Hadithi hii imo katika mikusanyo ya Abu Daud na Tirmidhi, na wengi wetu tumeisikia mimbarini. Bahati mbaya, iko namna ya kuielewa inayowadhuru wazee wetu. Mtu akishatimiza miaka 70, kila kinachomsibu huitwa uzee. Macho yakififia, uzee. Akikohoa, uzee. Kidonda kikikaa shavuni miezi minane bila kupona, hicho nacho huitwa uzee. Kilichovuliwa katika hadithi ni uzee wenyewe, si maradhi ya mzee.

Tumekusudia leo kukizungumzia kidonda cha namna hiyo hasa, ambacho madaktari hukiita lishimania ya ngozi. Huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenyezwa mwilini na usubi jike anapouma kufyonza damu. Usubi ni mdogo kuliko mbu, hana mlio, na aghalabu huuma tangu magharibi hadi alfajiri. Baada ya wiki au miezi hutokea kipele, kipele kikawa donda lenye kingo zilizoinuka, na donda likipona huacha kovu la maisha. Si kalaazari, ile inayovimbisha wengu na kuua watu Wajir, Marsabit na Baringo, ijapokuwa ni jamaa moja. Hiki cha ngozi hakiui, ila huharibu sura.

Mzigo mkubwa wa maradhi haya umeangukia miji ya Waislamu. Watu wa Halab, yaani Aleppo ya Syria, tangu zamani hukiita kidonda hiki chunusi ya mwaka, kwa kuwa kilichukua takriban mwaka kupona chenyewe, na Waafghani nao wana jina lenye maana hiyo hiyo. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mji wa Kabul peke yake kulikuwa na wagonjwa 67,500. Kisha vita vya Syria vikabomoa nyumba na kuhamisha watu, na mwaka 2013 maradhi yakafuatana na wakimbizi hadi Lebanon. Huko Kabul watoto wenye makovu wametengwa na wenzao, na mabinti wamekosa wachumba, kwa dhana kwamba kidonda huambukiza kwa kugusana au kwa kula sahani moja. Hakiambukizi hivyo. Pasi na usubi, mtoto mwenye kidonda hamdhuru mwenzake kwa kucheza naye.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Kenya maradhi haya yapo Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, na yapo katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako usubi hukaa mapangoni pamoja na pimbi, na mnyama huyo ndiye anayehifadhi vijidudu. Aina ya Elgon ni ya ukaidi zaidi. Yaweza kukaa miaka kadhaa, na kwa baadhi ya watu huenea ngozini hata ikadhaniwa kuwa ni ukoma.

Sasa tuje kwenye tiba, kwani hapa ndipo familia zinapokosea kwa njia mbili zinazopingana. Mtoto huonewa huruma, mzee hukatiwa tamaa.

Dawa ya zamani na inayotumika zaidi ni ya madini ya antimoni. Ama huchomwa kwenye kingo za kidonda chenyewe kila baada ya siku chache, ama huchomwa msulini au mshipani kila siku kwa muda wa siku 20 hivi, vidonda vikiwa vingi, vikubwa, au vimekaa mahali pa hatari kama puani. Sindano ya kidondani inauma, hilo hatulifichi. Mtoto wa miaka minne hupiga kelele, mama hulia pamoja naye, na mara ya tatu hawarudi. Au husema huyu ni mdogo, nusu ya dawa yamtosha. Lakini utafiti uliofanywa Kolombia na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mwili wa mtoto huitoa antimoni kwa haraka kuliko wa mtu mzima, hivi kwamba kipimo kilekile kwa kila kilo ya uzito humwachia mtoto dawa chache zaidi katika damu. Basi anayempunguzia mtoto kwa huruma huenda anampunguzia palepale palipokwisha kupungua. Tunasema huruma ya kweli ni kumshika mtoto mkono mpaka sindano ya mwisho.

Kwa mzee mambo yamegeuka. Antimoni hiyo hiyo yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhuru ini, figo na kongosho, na hatari hiyo huongezeka kwa umri na kwa mwenye maradhi ya moyo. Kwa hivyo mzee hachomwi sindano za mwili mzima kabla ya kupimwa damu na umeme wa moyo, na vipimo hivyo hurudiwa wakati wa tiba. Mwaneni aeleze wazi kama mzazi ana kisukari au anameza vidonge vya presha. Na akiambiwa kwamba sindano hizo hazimfai, asidhani mlango umefungwa. Kuna kugandisha kidonda kwa naitrojeni, kuna marhamu ya paromomisini, kuna kifaa kinachopasha kidonda joto la nyuzi 50 kwa sekunde 30 baada ya kutiwa ganzi. Vidonda vichache na vidogo vya mkononi, daktari aweza hata kushauri visafishwe, vifungwe na kuangaliwa tu. Kungoja kwa namna hiyo ni sehemu ya matibabu, ni kinyume cha kumwacha mtu pembeni ya nyumba. Isitoshe, donda sugu katika ngozi ya mzee laweza kuwa saratani, na hilo halijulikani ila kwa kuchukua sampuli ya kidonda na kuitazama kwa hadubini. Suratul Israa imetuusia wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwetu, na kutukataza hata kuwaguna. Je, kumwacha aoze shavu ni kidogo kuliko kumguna?

Wapo watakaouliza: kama joto ni dawa, kwa nini tusichome kwa chuma cha moto kama walivyofanya wakongwe? Tofauti ni kubwa. Chuma cha jikoni hakina kipimo, huunguza nyama nzima na kuacha kovu baya kuliko la maradhi. Mtume (S.A.W) aliutaja moto miongoni mwa tiba na pamoja na hayo hakuupendelea kwa umma wake. Ametufundisha pia kuwa anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Wale wanaomwagia watoto maji ya betri vidondani na walitafakari hilo.

Hatusahau nauli. Mara nyingi kinachomshinda maskini ni safari kuliko dawa: siku 20 za kwenda na kurudi hospitali, na kibarua kimesimama. Kamati za misikiti hukusanya zaka na sadaka kila mwaka. Fakiri mwenye mtoto wa kutibiwa ni katika wenye haki ya mwanzo, na tunaona ni bora kumlipia matatu kuliko kubadilisha zulia ambalo halijachakaa.

Limebaki jambo moja ambalo wazee hutuuliza sana. Usubi huuma palipo wazi, yaani uso, mikono na miguu, ambavyo ndivyo viungo vya udhu. Mzee hufungua bendeji mara tano kwa siku, hulowesha donda, nalo huingia uchafu na kutunga usaha. Jabir (R.A) amesimulia habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama aruhusiwa kutayamamu, wakamkatalia, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W) alikasirika mno, akawahesabu kuwa wao ndio waliomwua, na akabainisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Basi ambaye daktari amemkataza maji, katika madhehebu yetu ya Shafi, aoshe palipo pazima, apake maji juu ya bendeji kwa mkono uliolowa, na atayamamu. Bendeji asiibandue. Ama sindano ya dawa isiyo lishe, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona haifunguzi saumu, kwa hiyo aliyepangiwa siku 20 asizikatize kwa kuandama mwezi wa Ramadhani, na akidhoofika ana ruhusa ya kula. Wallahu aalam.