Maarifa ya Ubongo Yasiwe Mali ya Wachache

Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, James Parkinson, alitoa kijitabu juu ya maradhi ya kutetemeka. Zaidi ya miaka 200 imepita, na bado dunia haijapata dawa ya kuyaponya. Levodopa, iliyothibitika mwishoni mwa miaka ya 1960, hupunguza kutetemeka na kukakamaa kwa viungo, lakini haizuii seli za ubongo kuendelea kufa. Kwa hiyo kazi ya wataalamu wanaotumia kompyuta kuchungulia chanzo cha maradhi hayo si mchezo wa matajiri, kama baadhi yetu tupendavyo kusema.

Yafaa kazi hiyo ieleweke. Katika seli za ubongo imo protini iitwayo alfa-sinuklini, yenye viungo 140 vilivyotungwa kama shanga katika uzi. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni yake huleta Parkinson katika baadhi ya koo, na mwaka huohuo ikadhihirika kuwa ndiyo iliyojaa katika madonge yanayokutwa ndani ya ubongo wa wagonjwa. Ikiwa peke yake protini hii haina umbo maalumu, huelea tu kama uzi uliolegea. Ikigusa utando wa seli, ambao ni tabaka mbili za mafuta, sehemu yake kubwa hujisokota na kulala juu ya utando huo. Hapo haina ubaya wowote. Ubaya huja pale zinaposhikamana nyingi kwa namna isiyo ya kawaida. Mafundo madogo yanayofanyika yanadhaniwa kuutoboa au kuudhoofisha utando, kalsiamu ikaingia pasipo kiasi, na seli ikafa. Jambo la namna hiyo linashukiwa pia kwa protini ya amiloidi katika maradhi ya Alzheimer, yanayowapokonya wazee kumbukumbu zao.

Hakuna darubini iwezayo kuonyesha tendo hilo likitendeka, atomu kwa atomu. Ndipo kompyuta inapohitajiwa. Mtaalamu huipa mahali pa kila atomu ya protini, ya mafuta na ya maji, nayo hukokotoa jinsi zinavyovutana na kusukumana, kisha huzisogeza hatua moja. Hatua hiyo ni ya femtosekunde 2 hivi, na hatua milioni 500 hazifanyi zaidi ya sehemu moja ya milioni ya sekunde! Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2013 kwa mchango wao katika misingi ya hesabu za aina hii. Hata hivyo tusizidishe sifa. Kompyuta ni shahidi tu. Hakimu ni maabara.

Sasa tuje kwetu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson walikuwa hawajapata kutambuliwa na tabibu yeyote. Mzee anatetemeka, anaburuta miguu, uso umeganda. Jirani mmoja anasema karogwa, mwingine anasema ni uzee tu. Wote wawili wanamwacha alivyo.

Wako watakaosema: basi acheni habari za kompyuta, nunueni vidonge. Vidonge ni kweli vitangulie, na levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini taifa linalongoja kila kitu kitoke ng'ambo hungoja na bei pia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lecanemab, dawa inayopunguza kidogo kasi ya Alzheimer, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mkulima wa kahawa na alime mara ngapi?

Kinyume chake, programu ya GROMACS, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Groningen huko Uholanzi, ambayo ni miongoni mwa zana kuu za hesabu hizo, hugawiwa bure. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma ana haki nayo sawasawa na yule wa Stockholm. Tangu mwaka 2000 umekuwapo pia mpango wa Folding@home, ambamo watu wa kawaida huazima kompyuta zao zisaidie kukokotoa mwenendo wa protini. Sisi tuliofunzwa siasa ya Ujamaa na Kujitegemea hatuna haja ya kutafsiriwa maana ya jambo hilo.

Halafu kuna upupu. Mbegu zake zina levodopa, na mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Bolivia kwa wagonjwa wa Parkinson waliopewa unga wake. Hatumshauri mtu autafune, kwani kipimo ni kazi ya daktari. Tunashangaa tu kwamba mmea unaoota vichakani mwetu tunaujua kwa kuwasha peke yake.

Tunavitaka vyuo vikuu vyetu viwape vijana wa kemia na fizikia mafunzo ya hesabu hizi, na waganga wa zahanati wafundishwe kuzitambua dalili za Parkinson. Na bajeti ya afya itakapojadiliwa, wabunge waulize ni hospitali ngapi za wilaya zenye levodopa katika rafu zake.