Lugha ya Kompyuta Isiwe Kufuli

Ruhusa ya kufungua sanduku haimfai mtu asiyeweza kusoma kilichoandikwa ndani yake. Yafaa tulikumbuke hilo kila tunaposifu programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya asili hutolewa wazi ili kila mtu ayasome, ayarekebishe na kuyagawa. Tangu Richard Stallman alipoutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ruhusa hiyo imepiganiwa sana. Uchaguzi wa lugha ya kuandikia, kinyume chake, umeachiwa mabingwa peke yao, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kosa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kutafsiri maneno ya menyu kulihitaji ujuzi wa Kiswahili. Kubadili utendaji wa programu yenyewe kulihitaji C++, lugha yenye nguvu nyingi na mitego mingi, ambayo kijana haizoei kwa muhula mmoja.

Tuchukue klabu ya kompyuta ya sekondari inayotaka programu ya kutunza alama, yenye dirisha, vitufe na jedwali. Mwanafunzi hodari wa kidato cha sita akiiandika kwa C, itakwenda kasi kweli. Lakini katika C mwandishi huomba nafasi ya kumbukumbu na kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Akikosea, programu yaweza kuanguka katikati ya kuingiza alama. Naye akisha kumaliza shule, nani ataitengeneza?

Kwa sababu hiyo naipendekeza Python, ambayo Guido van Rossum alianza kuitunga huko Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa mwaka 1991. Mistari yake husogezwa ndani kwa utaratibu, hata jicho la mgeni hutambua kipi kimo ndani ya kipi. Tena inayo Tkinter, zana ya kuundia madirisha na vitufe. Isidhaniwe kuwa ni lugha ya kuchezea: Calibre, inayopanga vitabu vya kielektroniki, na Anki, ya kukariria kwa kadi, zote mbili zilikuzwa kwa Python.

Hata hivyo ina kasoro ambayo wapenzi wake huipitia haraka. Ni nzito kuliko C, na kuifikisha programu katika kompyuta isiyo na Python ni kazi ya kuudhi. Kwa shule yenye mashine kuukuu ningeshauri Lazarus, inayotumia Pascal, lugha ambayo Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970 akiwa na nia ya kufundishia. Programu yake huweza kugeuzwa kuwa faili moja, ikabebwa kwa flashi na kuendeshwa. Wapo wanaoicheka Pascal kwa uzee (nami niliwahi kuwa mmojawao), ila bado inasomeka.

Mwalimu asiyejua achague ipi na ampe mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyejifunza lugha hiyo kwa muhula mmoja, ukurasa wa programu iliyoandikwa na mwenzake. Amwambie abadili jina la kitufe na kuongeza safu moja katika jedwali. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Akishindwa, mwalimu aitilie shaka lugha kabla ya kumtilia shaka mwanafunzi.